Fundi, kabla hujagusa diski yangu niulize vitu vyangu viko wapi

Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Busia, upande huu wa Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya sekondari hapa mpakani, na gazeti lenu likifika chumba cha walimu linapita mikono mpaka linachakaa, kwa hiyo nikisema jambo hapa najua wenzangu watalisoma, na nikibahatika mafundi wa kompyuta nao watalisoma, manake hao ndio hasa nataka kuongea nao.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila mwenye laptopu ya zamani anaambiwa aipeleke iwekwe Windows nyingine. Sibishani na hilo, mashine isiyopata tena masasisho ya usalama si ya kuendelea kufungulia akaunti ya benki. Kinachoniuma ni vile kazi inavyofanywa. Mtu anafika na laptopu kwenye begi, fundi anauliza unataka 10 ama 11, wanapatana bei, hapo hapo fleshi inachomekwa. Hakuna anayeuliza ndani kuna nini.

Mimi yalinikuta likizo ya Desemba. Laptopu ilikuwa inachukua dakika kumi kuwaka, nikaenda nayo Kampala kwenye shughuli zangu nikaiacha kwa duka moja la mafundi. Nikamwambia fundi, kijana mpole mwenye heshima zake, mwanangu vitu vyangu vyote viko D, usiguse D. Akasema sawa mwalimu. Jioni nimeichukua, inawaka upesi, nikalipa nikapanda taxi ya Busia moyo umetulia. Nyumbani nafungua naona C peke yake. Nikadhani D imejificha mahali. Nikampigia, akanyamaza kidogo, akaniambia mwalimu Windows ilikataa kuingia ikabidi nisafishe patisheni zote, yaani vipande vyote diski ilivyogawanywa, C na D pamoja.

Naomba nieleze D ilikuwa na nini ndio mtu aelewe. Mtaala mpya wa sekondari ulipoanza 2020 vitabu vya Kiswahili vilikuwa haba, wengi wetu tukawa tunatengeneza notisi wenyewe usiku, tunaandika mazoezi, tunachora. Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi tukashangilia, lakini mwalimu bado alikuwa anarudi kwa laptopu yake kutunga mtihani. Kwa hiyo D ilikuwa na notisi za S1 mpaka S4, yaani kidato cha kwanza mpaka cha nne, za miaka yote hiyo. Kulikuwa na alama za tathmini za darasani, zile zinazochangia asilimia 20 ya matokeo ya mtoto kwenye UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza S4, hizo kwa bahati nilikuwa nazo pia kwenye daftari nikaziandika upya wiki nzima. Na kulikuwa na sauti. Nilikuwa nazunguka kwa wazee wa hapa mpakani, Wasamia na Wateso, nawarekodi wakisimulia vile walivyojifunza Kiswahili sokoni na kwenye malori, maneno ambayo leo huyasikii. Wazee wawili kati ya hao wameshafariki. Daftari halina sauti.

Sasa, kwa nini Windows ilikataa? Hili sikulijua siku ile, nimekuja kulielewa baadaye kwa msaada wa kijana niliyemfundisha zamani ambaye sasa anasomea mambo ya kompyuta. Diski ina orodha yake mwanzoni inayosema patisheni ipi inaanzia wapi na kuishia wapi. Orodha ya zamani inaitwa MBR, inabeba patisheni kuu nne tu na haivuki TB 2. Ya sasa ni GPT, kwa Windows inafika patisheni 128. Ukiwasha fleshi ya Windows kwa njia mpya ya UEFI halafu diski bado iko kwenye MBR, Windows inagoma, inakuambia haiwezi kuwekwa kwenye diski hii. Hapo ndipo mafundi wengi wanashika njia ya mkato, wanachagua patisheni moja baada ya nyingine, futa, futa, futa, mpaka inabaki nafasi tupu, Windows inaingia yenyewe na kujitengenezea GPT. Mashine inapona, vitu vya mtu vinakwenda.

Na haikuwa lazima. Ndani ya Windows 10 tangu toleo la 2017 kuna kitu kinaitwa MBR2GPT, kinageuza hiyo orodha bila kufuta mafaili, ila patisheni kuu zisizidi tatu, na yangu zilikuwa tatu kamili. Ama kwa mashine ya zamani kama yangu angeweza kuiwasha fleshi kwa njia ya zamani Windows 10 ingeingia kwenye C bila D kuguswa. Simlaumu kijana kwa kutojua kila kitu, namlaumu kwa kutosimama. Diski ilipokataa alikuwa na namba yangu ya simu, angenipigia aseme mwalimu kuna tatizo, una nakala? Dakika moja tu.

Upande wetu nasi wenye mashine tuna imani moja mbaya, na mimi nilikuwa nayo kwa miaka, kwamba kitu kikiwa D kimehifadhiwa. D si diski nyingine! C na D kwenye laptopu nyingi ni vyumba viwili vya nyumba moja yenye paa moja. Chumba cha D kitakusaidia siku fundi anapiga fomati C peke yake kwa uangalifu, hapo ni kweli faida ipo na nashauri kila mtu awe nacho. Ila laptopu ikiibiwa vyumba vyote vimekwenda, diski ikianza kugonga gonga na kufa ni hivyo hivyo, na fundi akivunja kuta zote ajenge upya ndio hayo yaliyonikuta.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalijui, skrini ile ya kuweka Windows haikuonyeshi C na D. Inaandika Disk 0 (ama Drive 0) Partition 1, Partition 2, Partition 3, na ukubwa pembeni, na jina kama patisheni ilipewa jina. Basi. Ukiwa na diski mbili, moja SSD ndogo, ile ya kisasa isiyozunguka, na nyingine ya kuzunguka, utaona Disk 0 na Disk 1 na ya Windows si lazima iwe 0. Fundi anakisia. Na akikisia kwa ukubwa anaweza kukosea pia kwa sababu diski iliyoandikwa GB 500 kwenye karatasi yake Windows inaisoma kama 465, ya TB 1 inaonekana 931, si kwamba umeibiwa, ni hesabu tu, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Kwa hiyo kabla ya kuzima mashine mara ya mwisho fungua Disk Management, programu ya Windows inayoonyesha patisheni zako, chukua karatasi na kalamu, chora diski yako kama ilivyo. Andika hii ya mwanzo MB 100, hii C GB 120, hii D GB 344, hii ya mwisho ndogo ya kurudishia mfumo. Ipe D jina pia, kwa mfano KAZI. Karatasi hiyo mpe fundi pamoja na laptopu, ama piga picha kwa simu umtumie. Zile patisheni ndogo ndogo usizifute ukidhani ni takataka, mojawapo ndiyo inayowasha mashine.

Nirudi kwenye bekapu, yaani nakala ya akiba, manake ndiyo roho ya barua hii. Ukiwa na bekapu nzuri hata fundi akifuta diski yote unanywa chai. Na bekapu nzuri maana yake umeifungua. Kwenye kompyuta nyingine. Walimu wenzangu wawili baada ya kusikia yangu walikimbia kunakili vitu kwenye fleshi, mmoja alikuwa ameburuta vile vialama vya Desktop vyenye kamshale kadogo pembeni, akaona majina yote yapo akaridhika, kumbe kamshale ni njia ya kufikia faili tu, faili lenyewe limebaki kule lilipokuwa. Tulipochomeka fleshi yake kwa mashine ya shule hakuna kilichofunguka. Tulimshukuru Mungu laptopu ilikuwa bado haijaguswa. Mwingine alitaka kunakili video ya watoto wakiigiza siku ya wazazi, GB 6, fleshi ikasema faili ni kubwa mno na huku ina nafasi ya GB 20 wazi. Fleshi nyingi zinakuja na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufika GB 4. Tulihamisha vya ndani tukaipiga fomati ya exFAT, ikakubali.

Na tafadhali nakili, usikate. Watu wanabonyeza kata, wanabandika kwenye fleshi, umeme unapotea katikati, au mtoto anachomoa fleshi, unaweza kubaki na vitu nusu huku nusu kule, na vingine vimeharibika.

Vitu vinavyosahaulika ni vile usivyoviona kama faili. Desktop, Documents, Downloads na Pictures zote kwa kawaida ziko ndani ya C, kwenye folda ya Users yenye jina lako, kwa hiyo mtu anayesema mimi sina kitu C na huku Desktop yake imejaa mpaka picha ya ukutani haionekani, ana kila kitu C. Nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza, anwani za tovuti, fonti ulizotafuta kwa shida, draiva ya printa ya zamani ambayo CD yake ilipotea, namba ya leseni ya programu ya hesabu za duka. Na BitLocker! Laptopu za siku hizi nyingi zinakuja diski imefungwa kwa siri bila mwenyewe kujua, ukibadilisha kitu kwenye mipangilio ya kuwashia inakuuliza ufunguo wa tarakimu 48, huna, basi diski imekuwa jiwe. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uutafute, uandike kwa mkono uweke na vyeti vyako vya shule.

Kuna wanaosema weka kila kitu mtandaoni umalize. Nawaelewa, lakini tuongee kama watu wa hapa. Google wanakupa GB 15 bure na hizo zinagawana na barua pepe na picha za simu. Bando tunanunua na ndani yake kuna kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kupandisha GB 80 za sauti na video si mzaha kwa mshahara wa mwalimu. Na Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, mwenye kazi yake yote kule juu alikaa akiangalia skrini. Mimi nimeamua mtandaoni naweka vile vichache ambavyo vikipotea nitalia, alama, notisi zilizokamilika na vyeti nilivyovipiga picha. Vikubwa viko kwenye diski mbili za nje, moja nyumbani, nyingine kwa dada yangu Mbale. Kila likizo nikienda kumsalimia nabadilisha, ile ya huku inabaki kule. Wataalamu wana kanuni ya tatu, mbili, moja, yaani nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba, na ukiifikiria ndiyo hiyo hiyo ya mkulima asiyeweka mbegu yote kwenye ghala moja.

Kuhusu ukubwa wa patisheni watu wananiuliza kama mimi fundi. Nasema tu ninavyofanya. Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 64, na ukiipa 64 kweli baada ya mwaka itakuwa inalia nafasi, kwa hiyo diski ya 500 mpe C kama 150 hivi, zinazobaki ziwe D. Usiseme nitaongeza baadaye, manake Windows yenyewe inaongeza C kama tu nafasi tupu iko mkono wake wa kulia wamegusana, na pale kwa kawaida ameketi D, au katikati yao kuna ile patisheni ndogo ya kurudishia mfumo. Kuhamisha D nzima isogee inawezekana kwa programu kama GParted ila ni saa nyingi za kubeba data kutoka hapa kwenda pale, na umeme ukikatika katikati umepoteza. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, usithubutu. Laptopu betri ijae na chaja iwe imechomekwa, na kama mvua inanguruma subiri kesho.

Laptopu yangu haina ile TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11, kwa hiyo mwishowe sikurudi Windows kabisa, kijana wangu aliniwekea Ubuntu 24.04, mfumo wa Linux unaoshika nafasi ya Windows, bure, na masasisho mpaka 2029. Huko nako kupanga ni kule kule ila majina tofauti. Tulitenga GB 50 ya mfumo wenyewe na nyingine yote tukaifanya patisheni ya peke yake inayoitwa home, ndiko mafaili yangu yanakaa. Uzuri wake siku nikitaka kuweka upya nachagua kupanga kwa mkono, mfumo unapigwa fomati, home naielekeza tu pasipo kuweka alama ya fomati, na vitu vinabaki palepale. Hako kaalama kamoja ndio tofauti ya kila kitu. Anayetaka kuweka Ubuntu pembeni ya Windows apunguze patisheni akiwa ndani ya Windows yenyewe, na azime kwanza ile Fast Startup, vinginevyo Windows haizimiki kikweli, inalala, na Linux ikienda kugusa diski yake zinagombana.

Kwa mliokwisha pata ajali kama yangu, jambo la kwanza ni kuzima mashine. Usiweke programu, usipakue kitu, usiitazamie hata sinema, kila kinachoandikwa kinaweza kukanyaga palepale faili lako lilipokuwa limelala. Sisi tulitoa diski tukaichomeka kwa mashine nyingine, tukatumia TestDisk na mwenzake PhotoRec, programu za kufufua vilivyofutwa, zote za bure, na vilivyopatikana tukavihifadhi kwenye diski tofauti. Siku mbili. TestDisk haikuirudisha D, Windows mpya ilikuwa imeshaandika juu ya sehemu kubwa. PhotoRec ilileta mafaili kwa maelfu lakini majina yote yamefutika, f halafu namba ndefu, nimeketi nayafungua moja moja mpaka leo. Na hiyo ni kwa sababu diski yangu ni ya kizamani ya kuzunguka. Kwenye SSD kuna kitu TRIM, kinachofutwa kinasafishwa kabisa baada ya muda mfupi, huko matumaini ni madogo sana.

Sauti za wazee, sikupata hata moja nzima. Moja tu ninayo, sekunde 40, mzee mmoja akieleza walivyokuwa wakipatana bei ya samaki na wenzao wa upande wa Kenya, na hiyo ipo kwa sababu niliwahi kumtumia dada yangu kwa WhatsApp acheke. Nimeanza tena kuzunguka kwa waliobaki.

Ombi langu kwa mafundi, wa Kampala, wa Mbale, wa hapa kwetu, ni dogo. Andikeni kikaratasi cha maswali manne mkibandike kwenye meza: vitu vyako viko wapi, nakala iko wapi, umeifungua kwa mashine nyingine, nifute patisheni ipi. Mteja ajaze aweke sahihi. Nanyi pia mnalindwa, kesho mtu hatakuja kuwapigia kelele dukani. Na mkinakili vitu vya mteja kwenye diski yenu wakati wa kazi, mkimaliza mfute mbele yake, alama za watoto na picha za nyumbani ni taarifa za watu na tuna sheria ya kulinda data tangu 2019.

Nawe Mhariri, nakuomba hata robo ukurasa mara moja kwa mwezi, fundi anayejua kazi awe anajibu maswali ya aina hii kwa Kiswahili tunachozungumza, manake maelezo mengi yako kwa Kiingereza kizito na wazazi wetu wenye maduka hawayafikii. Mimi niko tayari kusaidia kuyaandika. Na walimu wa Busia wanaotaka kubadilisha Windows likizo hii, nitakuwa shuleni Jumamosi ya kwanza baada ya kufunga, nina diski ya nje ya TB 1 na waya zake. Njooni na laptopu kabla hamjaenda kwa fundi, tutanakili pamoja na tutafungua kila folda kwa mashine ya shule.

Wasalaam,

Mwalimu wa Kiswahili
Busia, Uganda